Mtoto Aliyeomba Kasha

Githongo, Meru
5 Agosti 1985

Mzee Ndwiga wa Njuki,

Hodi. Hunijui, na sijui kama barua hii itakukuta ungali hai. Nimeipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule ya Manyatta nikitumaini kwamba kuna mtoto darasani kwake anayekuita babu.

Mimi ni Kiende. Mama yangu alikuwa Alice Kasha wa Kanyakine, na baba yake mama alikuwa Mukiri, aliyekuwa askari wa Keya wakati wa vita vya Hitla. Babu alifariki mwaka wa 1974 nikiwa na miaka tisa. Mama alitutoka Novemba iliyopita, katika ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada. Aliyachemsha mahindi hayo, akayaonja, akasema, "Hayana ladha, lakini yamekuja kutoka mbali, tuyaheshimu." Ndiyo maneno yake ya mwisho ya jikoni ninayoyakumbuka.

Nilipokuwa nikikunja nguo zake nilipata bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha babu cha kuachiwa jeshi na picha moja. Ni askari wawili mbele ya hema, mmoja ameshika mwiko mkubwa kama jembe. Nyuma imeandikwa: Ndwiga wa Njuki, Manyatta, Embu. Mpishi.

Mzee, nina swali moja. Kasha alikuwa nani?

Kwetu hakuna ukoo wenye jina hilo. Mama alikuwa binti pekee wa babu, na alipaswa kupewa jina la mama yake babu. Babu alikataa. Alisema mtoto ataitwa Kasha, na hakueleza. Mama mzazi wa babu alikufa bila mjukuu wa kubeba jina lake, na watu wa Kanyakine hawajamsamehe hilo. Wanasema askari wengine walirudi kutoka vitani na makasha yao ya mbao begani, yamejaa blanketi na sukari, lakini Mukiri alirudi na nguo zimefungwa ndani ya shuka. Wakamuuliza, "Kasha lako liko wapi?" Akaingia ndani. Mwaka uliofuata akamwita mtoto Kasha. Basi wakasema aliliacha sanduku kwa malaya wa Burma, na jina ni la kumkumbuka. Mama alipopita sokoni vijana walimwita, "Kasha, ufunguo wako anao nani?" Alikuwa akitembea tu, kikapu mgongoni, kama mtu asiyesikia.

Sasa mume wangu Mutegi amenisomea cheti, kwa maana ni cha Kiingereza. Hakina Burma. Kinasema alikuwa mlinzi wa wakimbizi. Wakimbizi gani, hakisemi.

Nimeolewa hapa Githongo. Binti yetu wa kwanza ana jina la mama mkwe wangu, Kaari, kama desturi inavyotaka. Wa pili alizaliwa Juni, na kwa desturi hiyo hiyo yeye ni wa mama yangu. Lakini mama mkwe amesema jina la malaya halitaitwa katika boma lake. Mutegi hasemi kitu. Ubatizo ni Jumapili tarehe 27 Oktoba. Mpaka leo mtoto tunamwita kairitu tu, yaani kasichana.

Nikimpa jina jingine, nitakuwa nimemzika mama mara ya pili. Nikimpa hilo, nataka nijue ninampa nini.

Kwa heshima,
Kiende


Manyatta, Embu
19 Agosti 1985

Kwako Kiende, mjukuu wa Mukiri,

Mimi ni hai. Meno ndiyo yametangulia.

Mwalimu mkuu alileta barua yako yeye mwenyewe, nikafikiri anadai karo. Ninakujibu kwa Kiswahili kwa sababu ni jeshi lililonipa kalamu, na lilinipa kwa Kiswahili. Kiembu changu ni cha mdomo tu.

Pole kwa mama yako. Pole kwa Mukiri pia, sikujua. Miaka kumi na moja amelala, na mimi nilikuwa nikimfikiria kama mtu anayechuma kahawa.

Burma hatukufika. Tulikuwa Nairobi sajini akatuambia tunakwenda kulinda Wapolishi. Tulicheka sana. Polisi wamefanya nini hata walindwe na Keya? Kisha treni ikafika. Wakashuka wanawake na watoto na wazee wachache, weupe kama unga, wamevaa makoti mazito kwenye jua kali, na watoto wamenyolewa vichwa kwa sababu ya chawa. Kumbe ni watu wa nchi inayoitwa Poland. Vita viliwatoa kwao, wakapelekwa kwenye barafu, wakavuka nchi ambazo siwezi kuzitaja, mpaka wakafikia Afrika. Kwetu walikuwa wanapita, wengine wakiendelea Tanganyika na wengine Uganda. Kambi ilikuwa ya mahema, kando ya reli. Mukiri alikuwa mlinzi wa lango na mimi nilikuwa jikoni. Kama tuliwalinda wasitoke au tuliwalinda wasidhuriwe, hakuna aliyetuambia.

Kiende, sisi hatukuwa tumewahi kuona Mzungu mwenye njaa. Mukiri alisimama langoni siku ile ya kwanza akasahau kupiga saluti.

Sasa swali lako. Hakuna malaya. Mwambie mama mkwe wako hivyo, na useme ni mzee wa Embu aliyesema. Kasha alikuwa mtoto mdogo wa kike pale kambini, mmoja wa hao Wapolishi. Mukiri alimhurumia. Ndiyo yote.

Kuhusu kasha lake la mbao, sikumbuki. Ni zamani.

Macho yangu si mazuri tena, kwa hiyo usijisumbue kuniuliza mambo ya kambi. Niandikie habari za mtoto.

Ndwiga wa Njuki


Githongo, Meru
1 Septemba 1985

Mzee Ndwiga,

Nilifurahi hata nikaisoma barua yako nikiwa nimesimama posta. Nilikimbia nayo nyumbani, na sasa ninajuta kwamba nilikimbia.

Mama mkwe alikuwa akipepeta maharagwe. Nikamwambia, "Mama, hakukuwa na malaya. Lilikuwa jina la mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Wazungu. Wakimbizi."

"Nakuuliza baba yake."

"Sijui."

"Mimi najua," akasema. "Mtu haachi jina la mama aliyemzaa kwa ajili ya mtoto wa jirani. Sembuse wa Mzungu."

Hakukomea hapo. Jumatano tulikuwa kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, nimembeba kairitu mgongoni. Mwanamke mmoja akainua shuka, akamtazama mtoto usoni. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta weupe." Foleni nzima ilicheka. Mutegi alikuwa ndani kwenye mizani, ndiyo kazi yake, alisikia, na alishusha macho kwenye vitabu vyake.

Kwa hiyo zamani babu alikuwa na malaya mmoja, na sasa ana malaya na mtoto. Ukweli nusu umetufanyia hivi, mzee, na sikulaumu.

Lakini nina jambo. Nyuma ya karatasi yako kuna mstari uliouandika ukaufuta. Niliiweka kwenye dirisha, jua likapita. Neno moja lilisomeka. Ni "nisamehe."

Sijui unaniomba mimi au unamwomba nani. Niambie tu mawili. Mtoto yule alikuwa na baba na mama wake mwenyewe? Na alikwenda wapi mwishoni?

Bado wiki nane.

Kiende


Manyatta, Embu
24 Septemba 1985

Dada Kiende,

Salamu. Jina langu ni Peninah, ni binti ya Mzee Ndwiga. Niliolewa upande wa Mbeere lakini nimerudi kumtunza baba. Ninaandika bila yeye kujua, kwa hivyo jibu lako usilitume kwangu.

Sijui umemwuliza baba nini. Barua yako ya pili aliisoma nje, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti, na koti hilo halivui tena. Hata kulala analala nalo. Mimi sijaisoma.

Baba hana meno, chakula chake ni uji. Tangu siku ile nikimpelekea uji asubuhi, anautazama, halafu anasukuma kikombe. Anasema, "Wape watoto." Nikimwambia watoto wamekunywa, anasema, "Uliwauliza?" Anakula viazi vilivyopondwa kidogo jioni, basi. Suruali yake sasa imefungwa kwa kamba.

Na kila siku ananiuliza, "Leo tarehe ngapi?" Nikimwambia, anahesabu kwa vidole mpaka ishirini na saba Oktoba. Nilifikiri pengine ana kesi kortini.

Sina ubaya na wewe. Najua umefiwa na mama, mimi wangu alikwenda mwaka wa themanini. Lakini huyu ndiye niliyebakiwa naye. Nakuomba kama dada, kama ni maswali, yaache. Wazee wengine wana kitu ndani ambacho ukikivuta kinatoka na mtu mwenyewe.

Peninah Ndwiga


Githongo, Meru
1 Oktoba 1985

Mzee wangu Ndwiga,

Usimgombeze Peninah. Ameniandikia kwa sababu anakupenda, na mimi ningefanya kama yeye.

Barua hii haina swali hata moja. Yale maswali yangu yachome. Nimezungumza na Mutegi na tumekubaliana: tarehe 27 mtoto atapewa jina la Kikristo peke yake, na hilo jingine tutaliacha lipumzike pamoja na mama. Mama mkwe ameridhika. Jana alinipikia.

Lakini kwa kuwa nimesikia hunywi uji, acha nikuambie habari ya uji wa kwetu Kanyakine, labda utapata hamu.

Baba yangu alikufa mapema, mama akarudi kwao, kwa hiyo nililelewa katika boma la babu. Nyanya alikuwa anapika uji wa wimbi kabla jua halijapanda. Kulikuwa na kikombe kidogo cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kimebanduka upande mmoja. Hicho hakikuguswa na mtu. Babu alikuwa anakijaza yeye mwenyewe, anakipuliza, halafu anampelekea mama kwa mikono miwili. Mama alikuwa mtu mzima tayari, ana mtoto, ana mimi, lakini ilikuwa hivyo kila siku. Kama amekwenda shambani mapema, babu alimfuata na kikombe mpaka kwenye kahawa. Na sisi wengine hatukunywa mpaka mama awe amepokea.

Akimpa alikuwa anasema, "Kasha, kasha." Mara mbili, sikuzote mara mbili. La kwanza polepole, la pili upesi. Mimi nilidhani ni uzee. Mama anajibu, "Nimeshika, baba." Ndipo babu anakaa chini.

Siku aliyokufa hakuweza kuinuka. Alikijaza kikombe akiwa amelala, akanipa mimi nimpelekee mama mtoni. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nikitembea upesi. Nilijikwaa kwenye mizizi ya mparachichi na nusu ya uji ikamwagika. Niliporudi akaniuliza, "Amekunywa wote?" Nikasema, "Wote, babu." Akafumba macho.

Nilimdanganya, mzee. Sijawahi kumwambia mtu. Wewe ni wa kwanza.

Kunywa uji wako.

Kiende


Manyatta, Embu
10 Oktoba 1985

Mjukuu wangu Kiende,

Soma hii ukiwa umekaa.

Nimemwambia Peninah anisomee barua yako mara nne, kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Aliposoma hapo pa kikombe, nilimsimamisha. Kasha, kasha. Mara mbili. Basi Mukiri alijua. Miaka arobaini nimekaa nikidhani ni mimi peke yangu.

Kasha si jina la mtu, Kiende. Kwa lugha ya Wapolishi kasha ni uji. Ule uji mzito wa nafaka. Wanawake wao walikuja kusaidia jikoni, wakaonyesha sufuria kwa kidole, wakasema kasha. Mimi nilijua neno hilo tangu wiki ya kwanza. Walinzi wa langoni hawakulijua.

Kulikuwa na mtoto. Miaka minne hivi, lakini ukimwinua ni kama mwanambuzi. Mama yake alikufa njiani, baba alibaki vitani huko kwao. Alikuja na shangazi, na shangazi alipofika tu alilazwa katika hema la wagonjwa. Chakula cha kambi kilikuwa mkate na nyama ya mkebe. Tumbo la mtoto lilikuwa limezoea njaa, likarudisha nyama. Akawa anazurura. Akafika langoni kwa Mukiri, akasimama mbele yake, akaweka mikono hivi, kama bakuli. Akasema, "Kasha. Kasha."

Mukiri alikuja jikoni kuniuliza. "Ndwiga, wewe unasikia maneno yao. Yule mtoto anataka nini?"

Sasa nikuambie juu ya sanduku lake. Mukiri alilitengeneza yeye mwenyewe kwa mbao za muringa kutoka kwenu Meru, akatia bawaba za shaba. Hakuruhusu mtu alikalie. Usiku aliweka mguu juu yake akilala. Kambi nzima tulimtania. Basi nikamwambia, "Husikii? Anasema Kiswahili kabisa. Anataka kasha. Mpe lako." Askari wote waliokuwa jikoni wakaangua kicheko. Hata Mukiri alicheka.

Lakini kesho yake alilileta.

Alitoa kila kitu ndani, akalifuta vumbi kwa kofia yake, akaliweka mbele ya mtoto. Mtoto alifungua kifuniko, akatazama ndani. Hakuna kitu. Akamtazama Mukiri. Halafu akatazama tena ndani, kama mtu anayefikiri amekosea. Sisi tulikuwa nyuma ya hema la jikoni tukishika mbavu. Sufuria la uji wetu wa askari lilikuwa mbele yangu, Kiende. Lilikuwa la moto. Ningechota tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilisema moyoni, kesho nitamwambia. Mzaha ulikuwa mtamu, na mtu haachi mzaha mtamu siku ya kwanza. Siku ya pili mtoto alikaa ndani ya sanduku, akasema kasha, na Mukiri akamwambia, "Ndiyo, ni lako, mama." Akadhani anafurahi. Akaanza kumwita Kasha. Siku ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya nne hakuja langoni.

Daktari alisema ni malaria. Uji hauponyi malaria, hilo ninalijua na nimejiambia mara nyingi. Lakini alikufa akiwa ameniomba, na nilikuwa na mwiko mkononi.

Mbao za jeneza hazikuwepo. Mukiri alisema, "Ana kasha lake." Yule mwanamke aliyemwosha alikuja jikoni na kikombe, akaniambia neno moja: kasha. Nikamwekea uji. Alikwenda akaulowesha mdomo wa mtoto kwa kidole, sijui kama ni desturi yao au ni uchungu wake tu. Mukiri alikuwa amesimama nyuma yake pale jikoni akingoja misumari. Alisikia neno na akaona kilichotiwa kikombeni. Sikumtazama. Kwa miaka arobaini nimejiambia kwamba hakusikia.

Hakuniuliza kamwe. Alikula chakula changu mpaka vita vikaisha. Siku tuliyoachiliwa alinipa mkono, akasema, "Ubaki salama, mpishi." Aliniita hivyo sikuzote tangu kaburi lile, hakuniita Ndwiga tena. Niliona ni utani wa kawaida.

Ndiyo sababu ya lile "nisamehe" nililolifuta. Sikujua nimwombe nani.

Jina la kweli la mtoto yule hakuna aliyeliuliza. Kwetu alikuwa Kasha, nami ndiye niliyelitengeneza jina hilo kwa ubaya. Sasa unajua unachotaka kumpa mwanao. Ukilikataa sitashangaa. Msomee mama mkwe wako yote, usiruke langu.

Na ule uji uliomwaga kwenye mizizi, usiubebe. Mtoto akijikwaa si kosa.

Wapolishi walikuwa na njaa, na mimi ndiye niliyekuwa mpishi.

Ndwiga


Githongo, Meru
28 Oktoba 1985

Guka Ndwiga,

Nimesikia wajukuu wa Embu wanawaita babu zao hivyo, na mimi nimejiongeza.

Nilimsomea mama mkwe barua yako jioni ile ile ilipofika. Nilikuwa nikiigeuza kwa Kimeru polepole. Alikuwa anachambua wimbi, hakuinua macho. Nilipofika pale mtoto alipofungua kifuniko, vidole vyake vikasimama.

"Rudia hapo."

"Alifungua, akatazama ndani."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, mama."

Akasukuma ungo kando. Nikasoma mpaka mwisho, na sikuruka lako, na habari ya kikombe cha babu nikamweleza. Akauliza, "Huyo mpishi bado yu hai?"

"Yu hai."

"Mjinga mkubwa," akasema. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Maskini."

Mimi nilifikiri mambo yamekwisha, nikaanza kukunja karatasi. Akasema, "Kiende, mtu hupewa jina kwa nini?"

"Ili akumbukwe, mama."

"Hapana. Ili arudi. Mimi mwenyewe nimerudi, mtazame yule pale anakula udongo." Alikuwa anaonyesha binti yetu wa kwanza, Kaari mdogo, na kweli alikuwa na udongo mpaka masikioni. "Basi Mukiri hakumwacha yule mtoto kule kwenye reli. Alimleta kwake. Akamfuata na kikombe kila siku, mpaka kwenye kahawa. Na sisi huku tukiuliza sanduku liko wapi."

Nikamuuliza, "Na mama yake mzazi, aliyekosa jina?"

"Alikuwa mama, siyo? Angempisha mtoto mwenye njaa atangulie."

Jana tulikwenda kanisani. Mutegi alivaa tai. Sikuwa nimemwomba mtu kitu, na mchungaji alikuwa na karatasi yenye jina la Kikristo tu. Alimchukua mtoto, akauliza kwa desturi, "Jina lake nani?" Mutegi akakohoa. Kabla hajafungua kinywa, mama mkwe akasimama kwenye benchi la pili, ingawa hakuna aliyemuuliza, akasema, "Kasha. Alice Kasha. Na uandike vizuri." Nyuma mtu akacheka. Ni yule wa foleni. Mama mkwe akageuza kichwa, akamtazama tu, na kicheko kikaisha kama mshumaa uliopulizwa.

Ndipo Mutegi akasema kwa nguvu, ili wa nyuma nao wasikie, "Ndiyo. Kasha."

Nyumbani mama mkwe aliupika uji yeye mwenyewe. Mtoto ana miezi minne, bado ni wa maziwa. Lakini alichovya kidole cha mwisho, akakipuliza, akamgusa mdomoni. Hakuna aliyemwelekeza la kusema. Alisema, "Kasha, kasha." La kwanza polepole, la pili upesi. Mtoto akatoa ulimi akatafuta zaidi. Nililia mbele ya wageni, na sikuona haya.

Ninakutumia ile picha, ni yako sasa. Ilikuwa katika bahasha moja na cheti cha babu, na mama aliitunza hapo baada yake. Nimetafuta katika vitu vyote vya babu. Hakuwa na picha nyingine ya mtu yeyote.

Mjukuu wako,
Kiende


Manyatta, Embu
9 Novemba 1985

Mjukuu wangu Kiende,

Picha imefika. Nimeiweka mahali ninapoweza kuiona nikiamka. Mukiri alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka, na mimi nilikuwa na meno.

Leo nimekunywa uji. Peninah alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, kama sajini.

Pamoja na barua hii mtapokea mfuko. Ni wimbi la upande wa Mbeere, la mwaka huu, Peninah amelisaga na mimi nimelichekecha kwa mikono yangu. Mchemshieni mtoto akifika umri. Mpeni yeye wa kwanza, wengine wangoje.

Akiuliza limetoka wapi, mwambieni kuna mtu aliombwa akachelewa.

Ni mimi,
Ndwiga wa Njuki
Mpishi